Kasha Lisilo na Skrubu

Msumeno uligoma katikati ya bati, ukalia kama paka aliyekanyagwa mkia, na Bisibisi akausimamisha. Hakuulazimisha. Alipuliza unga wa chuma, akadondosha tone la mafuta ya cherehani kwenye mpasuo, akavuta pumzi, kisha akaanza tena kwa mwendo mrefu wa polepole, kama mtu anayemkuna mgonjwa mgongo.

Kasha la kompyuta lilikuwa limelala juu ya meza ya chumba cha mbele, chini yake blanketi kuukuu lililokunjwa mara mbili ili rangi isichubuke. Ubavuni alikuwa amebandika utepe wa karatasi, na juu ya utepe akachora duara kwa kuzungusha kalamu kwenye kisahani cha kikombe. Hapo ndipo feni ya kuvuta hewa ingekaa. Msumeno wenyewe ulikuwa ubapa mtupu; fremu isingepita kwenye tundu alilotoboa kwa drili ili aanzie, kwa hiyo alikuwa ameitoa na kuviringisha tambara upande mmoja, ndio ukawa mpini. Vifaa vyake vingine vilijaa kwenye karai moja: drili ya kuzungusha kwa mkono, tupa mbili, mkasi wa bati, nyundo ndogo, msasa, na bisibisi ambazo hakuna aliyejua idadi yake.

"Hilo unalomtengenezea mume wa mdogo wako," mama yake akasema kutoka kwenye kiti cha dirishani, "ni sanduku au ni jeneza?"

"Ni kasha, mama. La kompyuta."

"La kompyuta najua. Nimeuliza swali lingine."

Macho yalikuwa yamemwacha mkono yule mama, lakini masikio yalibaki kumtumikia kwa uaminifu. Aliweza kusikia maji yakikaribia kuchemka kutoka chumba cha pili, na aliweza kusikia hasira ndani ya msumeno.

"Unakata kama mtu anayechinja," akasema.

Duara lilibakiza upana wa vidole viwili. Bisibisi alilishika kwa ndani lisianguke, akakata pole, na kipande cha bati kikamkalia kiganjani, bado kina joto.

Jina la Bisibisi alilipata karakanani, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuchomeka bisibisi kwenye nywele zake anapofikiri, kisha kuitafuta chumba kizima. Alifanya kazi pale miaka kumi na miwili, akitengeneza kompyuta za watu. Mwenye karakana alikuwa mzee mmoja mfupi ambaye mafundi walimwita Mzee Fyuzi, kwa kuwa ya kwake ilikatika upesi. Mzee Fyuzi alikuwa mkali, lakini alijua kazi, na aliyejua kazi alimheshimu. Bisibisi alimheshimu kuliko wote.

Shemeji yake alikuja pale akiwa hajui kushika koleo. Bisibisi ndiye aliyemfundisha. Ndiye pia aliyemkaribisha nyumbani jioni moja ya mvua, akamkalisha karibu na mdogo wake, mshonaji nguo mwenye kicheko chepesi. Mwaka haukuisha wakaoana. Kwa hiyo mtu akisema kikulacho ki nguoni mwako, Bisibisi angeongeza: na mimi ndiye niliyeifua hiyo nguo na kuipiga pasi.

Mambo yaliharibika wakati vipande vya memori vilipoanza kutoweka karakanani, kimoja leo, viwili wiki ijayo. Ni vitu vidogo, urefu wa kidole, mtu anaweza kutoka navyo kifua mbele. Mzee Fyuzi akaamua kukagua mikoba ya wote, mchana kweupe, wateja wakiwa wamejaa kwenye benchi. Mkoba wa Bisibisi ulishikwa na shemeji yake mwenyewe. Aliufungua taratibu, akaingiza mkono, na akatoa vipande sita vimefungwa ndani ya kitambaa cha buluu. Kisha akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliye msibani.

Bisibisi alikijua kile kitambaa papo hapo. Mdogo wake alikuwa amekikata kwenye masazo ya gauni lake la kuposwa, akakikunja pindo na kulishona kwa mkono, mshono wake ule wa mshazari, miwili mifupi na mmoja mrefu, ambao hakuna mwingine aliyeushona. Alimshonea mumewe cha kufutia miwani.

Alifungua kinywa aseme. Na hapohapo akamwona mdogo wake kama alivyomwacha asubuhi: kalala chali kitandani, mto chini ya miguu, mimba ya miezi saba baada ya mbili zilizotoka. Daktari alikuwa ameonya asipewe habari ya kumshtua. Bisibisi akafunga kinywa. Watu walitaka vipande vya memori. Kitambaa hakuna aliyekitaka. Akakiokota, akakitia mfukoni, akatoka katikati ya macho ya wateja, na Mzee Fyuzi hakumtazama hata kisogo.

Mama peke yake ndiye aliyeambiwa. "Meza, mwanangu," mama alisema. "Nyumba ya mdogo wako isibomoke kwa mkono wako. Mtoto akizaliwa tutazungumza."

Mtoto akazaliwa, wa kike, mzima. Hawakuzungumza. Badala yake mdogo wake alikuja na kichanga mgongoni, akaishika mikono ya Bisibisi miwili, akasema kwa ile sauti yake laini: "Dada, mimi nimekusamehe. Shida humsukuma mtu. Hata baba yake huyu amenisihi tusikutenge."

Msamaha ule ulimkaa Bisibisi kooni kama mfupa. Kusingiziwa kulimuuma, ndiyo; kukosa kazi kulimuuma. Lakini vyote hivyo vilikuwa na mwisho wa siku, ambapo mtu analala na kusahau. Msamaha haukuwa na mwisho. Kila mdogo wake alipokuja kuwatembelea, alihamisha pochi yake kutoka mezani hadi mapajani, kwa upole, akidhani haonekani. Miaka miwili alikuwa akiihamisha ile pochi. Na Bisibisi, ambaye sasa alitengeneza redio na pasi za majirani kwenye chumba cha mbele, alikuwa akiitazama inavyohama, huku akitabasamu na kuuliza habari za mtoto.

Ndipo wiki tatu zilizopita mdogo wake akaja na ombi.

Mzee Fyuzi alikuwa amechoka. Angestaafu, na karakana angemwachia fundi mmoja aiongoze. Kabla ya hapo kulikuwa na wageni wanaokuja: mwalimu mkuu wa shule kubwa ambayo kompyuta zake zilikuwa zinakufa kwa vumbi na joto, mwaka haupiti. Mzee aliwaambia mafundi wake kwamba atakayebadilisha kasha la kawaida likaweza kuishi kwenye vumbi, huyo ndiye mrithi wake.

"Kwani mumeo hawezi kutengeneza?" Bisibisi aliuliza. "Si ndiye msimamizi?"

"Mikono yake unaijua, dada. Kichwa anacho, mikono hana. Na ameshamwambia mzee kwamba amelianza."

"Ameshamwambia amelianza."

"Ndiyo."

"Basi mwambie pia amelimaliza."

Mdogo wake alicheka kwa faraja, akamkumbatia. Akiwa bado amemkumbatia, akasema sikioni mwake: "Nilijua hutanikatalia. Itakuwa kama umeyafuta yale."

Bisibisi alisimama pale, mikono ya mdogo wake shingoni, akautazama ukuta. Kitu kilichokuwa kimelala ndani yake miaka miwili kiliamka, kikajinyoosha, kikaketi.

Tangu siku hiyo alifanya kazi kila alasiri, mwanga unapoingia vizuri dirishani. Na alifanya kazi nzuri kupita zote alizowahi kufanya. Chuki, aligundua, ina mkono mtulivu. Alipiga tupa kila ukingo hadi kidole kikapita bila kukwaruzwa. Kisha, kwa kuwa tupa peke yake haikumridhisha, akaukunja kila ukingo kwa ndani kwa nyundo na kipande cha mbao, kama pindo la nguo. Hilo lilikuwa jambo lake la zamani. Mafundi wengine waliona ni kupoteza wakati. Akatoboa matundu madogo ya kutolea hewa nyuma, machache makusudi, ili hewa inayoingia iwe nyingi kuliko inayotoka, na vumbi likose upenyo. Mbele ya feni akaweka kidroo chembamba kama daftari, akakiwamba kwa soksi yake ndefu ya zamani. Hewa ingepita, vumbi lingebaki kwenye soksi, mtu angeivuta droo, akaikung'uta, akairudisha.

Mwisho akafika kwenye mlango wa ubavuni, na hapo ndipo alipokaa siku mbili bila kukata chochote, bisibisi kichwani.

Alimjua shemeji yake. Kila kitu alichowahi kukifungua alikifungua kwa kutafuta skrubu. Na alimjua Mzee Fyuzi, ambaye alikuwa na msemo mmoja kwa kila fundi mpya: nje hata mpiga rangi anaweza kupendezesha, nifungulie ndani. Angemwambia afungue. Mbele ya wageni wote, angemwambia afungue.

Basi akatengeneza mlango usio na skrubu hata moja. Akakata ndimi nne za bati na kuzikunja zining'inie kwenye reli, kwa ndani kabisa. Kutoka saa mbovu ya ukutani akatoa springi, akaifanya kitasa, akakificha juu ya mguu wa mpira wa nyuma. Ukiuminya mguu ule kwa dole gumba, na papo hapo ukausukuma mlango juu kwa kiganja, ulipanda wenyewe kama pazia. Usipojua, ungeweza kuushambulia hadi kesho na usingekuambia kitu.

Tatizo likawa moja. Feni ikizunguka, mlango ulitetemeka na kulia, ukelele mwembamba wa nzi aliyenaswa. Ulihitaji kitu laini katikati, kitambaa tu, cha kugundishwa kwa ndani. Bisibisi alilishika blanketi, akaliacha. Alishika kipande cha soksi kilichobaki, akakiacha. Kisha akaenda kwenye kabati na kuvuta droo ya chini.

"Hiyo droo," mama akasema kutoka dirishani, "hujaifungua miaka miwili."

"Bati linalia, mama. Linahitaji kitambaa."

"Nyumba nzima ina matambara, na hicho ndicho kinachofaa."

Bisibisi alikikunjua kile kitambaa cha buluu juu ya goti lake. Hakikuwa kimepauka. Miwili mifupi, mmoja mrefu. Alikipaka gundi pembeni tu, akakibandika katikati ya mlango, upande wa ndani, akakilainisha kwa kiganja hadi kisiwe na mkunjo.

"Mdogo wako atakiona," mama akasema.

"Nataka akione."

Barabarani alipita mtu anayesukuma mkokoteni wenye gurudumu bovu, wakamsikiliza wote wawili mpaka akatokomea.

"Nilikwambia umeze," mama akasema hatimaye. "Sikukwambia mpaka lini. Hilo kosa ni langu. Lakini usije kesho ukasema sikukuuliza."

Kasha liliisha siku tatu kabla ya wageni. Bisibisi alilisukuma chini ya kitanda chake, na kila mdogo wake alipotuma ujumbe kuuliza, alimjibu kwamba rangi haijakauka.

Shemeji alikuja kulichukua mwenyewe, asubuhi ya siku yenyewe, shati limenyooka kama karatasi. Aliinama kulitazama kasha. Lilikuwa jeusi la makaa, limetulia, halina alama. Alilizungusha mara moja, akalizungusha tena.

"Skrubu ziko wapi, shemeji?"

"Halina."

"Linafunguliwaje sasa?"

"Kwani unakwenda kulionyesha au kulikarabati? Kila kitu kimo ndani, nimeliwasha tangu alfajiri, sikia linavyopumua. Ukianza kulichokonoa utalichubua rangi."

Aliitazama saa yake. Aliivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Bisibisi alizisoma hesabu zake zote usoni: wageni saa nne, barabara ina foleni, mzee hapendi wachelewaji.

"Haya," akasema, akicheka kidogo. "Wewe ndiye fundi."

"Mwambie na mzee hivyo."

Akajifanya hakusikia. Bisibisi akamsaidia kulibeba hadi kwenye gari, akalifunika kwa blanketi lake mwenyewe, akasimama kando ya barabara mpaka gari likakata kona. Kisha akaingia ndani, akaoga, akavaa gauni lake la kijani, akachukua mkoba wake ule uliokaguliwa siku ile.

Mdogo wake alikuwa amemwalika. "Njoo, dada, hata ukikaa nyuma tu," alisema. "Mzee hatasema kitu siku ya wageni." Yeye mwenyewe aliombwa asaidie kugawa vinywaji, na Bisibisi alipoingia karakanani alimkuta amebeba sinia la bilauri, amesuka nywele, amependeza. Karakana ilikuwa imefagiliwa mpaka haikujulikana. Meza za kazi zilitandikwa vitambaa vyeupe, na kwenye benchi la wateja, lilelile, walikaa mwalimu mkuu, mwanamke mrefu mwenye daftari, na walimu wenzake watatu. Mafundi wa zamani walimwona Bisibisi, wakaona viatu vyao vina jambo la kutazamwa. Akaenda kusimama mlangoni, mgongo ukutani.

Shemeji alizungumza vizuri. Ulimi alikuwa nao. Alieleza habari ya hewa kuingia nyingi na kutoka kidogo, maneno aliyoandikiwa na Bisibisi kwenye karatasi. Akavuta ile droo ndogo, akaonyesha soksi. Walimu wakacheka, mwalimu mkuu akaandika. Mmoja akamwaga unga wa vumbi mbele ya feni, soksi ikaukamata wote. Wakapiga makofi. Shemeji akainamisha kichwa, mkono kifuani.

"Kichwa changu mwenyewe," akasema, "na mikono yangu hii."

Mzee Fyuzi alikuwa amekaa pembeni, mikono juu ya fimbo. Alikuwa amezeeka katika miaka miwili.

"Nje hata mpiga rangi anaweza," akasema. "Nifungulie ndani."

Bisibisi akahamishia macho kwenye mikono ya shemeji yake.

Shemeji aligeuza kasha ubavu. Alipapasa ukingo wa mlango kwa vidole. Akajaribu kuuvuta nyuma, akajaribu kuusukuma mbele. Akaomba bisibisi bapa, akapewa, akaipenyeza, ikateleza na kuacha mkwaruzo mweupe kwenye rangi. Mwalimu mkuu akaacha kuandika. Mtu akakohoa. Jasho lilianza chini ya masikio ya shemeji, likashuka taratibu kwenye kola ya lile shati lililonyooka.

"Fundi," akasema Mzee Fyuzi, "ulilifunga mwenyewe ukashindwa kulifungua?"

Walimu walicheka tena, kicheko cha kumsaidia mtu. Kiliisha mapema, na shemeji akainua macho, akayapitisha juu ya vichwa vyote hadi mlangoni.

Bisibisi hakusogea. Alimtazama tu. Alikuwa ameisubiri dakika hii siku mia saba, na hakuwa na haraka.

"Shemeji," akasema yule bwana. "Hebu njoo unisaidie."

"Nikusaidie nini? Mimi si wa hapa."

"Kulifungua."

"Na kwa nini mimi, na mafundi wote hawa?"

Watu wote walikuwa wamegeuka. "Kwa sababu," shemeji akasema, na sauti ikapungua kama redio iliyoishiwa betri, "wewe ndiye uliyelitengeneza."

Ndipo Bisibisi akatembea. Alipofika mezani hakuligusa kasha. Aliuweka mkoba wake mbele ya Mzee Fyuzi, akaufungua mdomo wazi.

"Kabla sijagusa kitu cha karakana hii, kagua," akasema. "Na nikimaliza, kagua tena."

Mzee Fyuzi aliuangalia ule mkoba. Mkono wake haukuinuka kwenye fimbo.

"Fungua kasha, mwanangu," akasema kwa sauti ndogo.

Akaminya mguu wa mpira kwa dole gumba, akasukuma kwa kiganja, na mlango ukapanda. Akautoa, akaulaza mezani, upande wa ndani juu.

Mzee Fyuzi aliinuka. Alipitisha kidole kwenye ukingo uliokunjwa, pembe hadi pembe, macho amefumba. "Huu mkono naujua," akasema. "Ni wa mtu mmoja tu." Lakini Bisibisi hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akimtazama mdogo wake, ambaye alikuwa amesogea na sinia lake mkononi, shingo imenyooshwa, uso umejaa ile fahari yake ya kuazima, aone ndani ya kasha la mumewe. Aliona bati. Aliona buluu. Akaliweka sinia chini, pole sana, bilauri zikagongana.

"Dada. Hiki kitambaa umekitoa wapi?"

"Kilikuwa mkobani mwangu," Bisibisi akasema. "Siku ile. Vile vipande sita vilifungwa humo."

Mdogo wake aliweka kidole juu ya mshono, akaufuata: mmoja, wa pili, ule mrefu. Kisha akainua macho kwa mumewe, na mumewe, kwa mazoea ya mtu aliyechanganyikiwa, alikuwa ameivua miwani na kuifuta kwa ncha ya shati.

"Kitambaa ni kitambaa," shemeji akasema. "Vya buluu viko vingi."

"Mshono huu hauko mwingi," mkewe akajibu.

Watu walidhani fyuzi ya mzee ingekatika. Haikukatika. Alikaa chini, akaikumbatia fimbo yake, akanyamaza, na mafundi waliomzoea waliogopa kunyamaza kule kuliko walivyowahi kuogopa kelele. Shemeji alitoka kwa mlango wa nyuma. Hakuna aliyemfuata. Mdogo wake alikibandua kitambaa polepole kisipasuke, akakikunja mara nne, akakishika ngumini, akatoka kwa mlango wa mbele.

Mtu asije akasema Bisibisi hakufurahi. Alifurahi. Mwalimu mkuu alimuuliza kama anaweza kutengeneza makasha mengine thelathini. Mzee Fyuzi alimwomba radhi mbele ya kila mtu, akashindwa kumaliza sentensi. Fundi mmoja aliyekuwa ameangalia viatu alimletea kiti. Aliyapokea yote. Alitembea kwa miguu hadi nyumbani akiwa na kasha begani, na halikuwa zito hata kidogo.

Alimsimulia mama yote, asiruke kitu. Mama alisikiliza, kichwa ameinamisha.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, mama."

"Basi kanawe mikono," mama akasema.

Asubuhi yake alikuwa akilivua lile kasha, achukue vipimo vya yale mengine thelathini, mikono haijatulia. Alipoukata ulimi mmoja wa bati, mkasi uliteleza na kibanzi cha chuma kikamwingia ndani ya kidole cha shahada, kirefu, chini ya ngozi. Alikuwa akikibana kwa meno pale mlango ulipogongwa.

Mdogo wake aliingia na mtoto kiunoni. Hakuwa amelia, au alikuwa amemaliza. Alimweka mtoto mapajani mwa bibi yake, akaketi mezani mkabala na Bisibisi, akaiweka pochi yake juu ya meza. Akaiacha hapo.

"Ulijua tangu siku ile," akasema.

"Tangu siku ile."

"Na nilipokuja hapa kukuambia nimekusamehe, ulijua."

"Nilijua."

"Ukaniacha niseme."

Bisibisi alifungua kinywa. Alikuwa na jibu, jibu zuri, lenye mimba ya miezi saba ndani yake na daktari na mto chini ya miguu. Lakini kule kumlinda kulikuwa na umri wa miezi miwili tu. Miezi iliyobaki, yote, ilikuwa kitu kingine, na wote wawili sasa walikijua.

"Nilikuacha useme," akasema.

Mtoto alikuwa akijifunza kidevu cha bibi yake kwa vidole. Mdogo wake alilitazama kasha lililovuliwa, matumbo nje, akatazama karai la vifaa, akatazama damu kwenye kidole cha dada yake.

"Kimeingia ndani?"

"Kidogo."

"Lete."

Alifungua pochi, akatoa kijaluba chake cha sindano. Akachagua moja, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha na kuitazama ncha yake. Kisha akaushika mkono wa dada yake, akaukaza mezani kwa uzito wa mkono wake mzima, na akaanza kuchimba. Alichimba bila haraka, macho makavu, kwa undani kuliko ilivyohitajika au pengine kwa undani uleule uliohitajika, na Bisibisi aliuma midomo, asiuvute mkono.